Jinsi ya Kupanga Safari ya Ulaya kwa Reli na Motakaa

Mazungumzo yetu ya leo yahusu safari ya starehe, yaani safari ya watu wa nyumba moja wanaotaka kuona miji kadhaa ya Ulaya, mahali pengine kwa gari la moshi na mahali pengine kwa motakaa. Huenda mtu akasema kwamba starehe haihitaji mafundisho. Lakini ifikirieni gharama yake. Fedha zilizowekwa akiba kwa miaka mitano zaweza kuisha kwa wiki mbili. Na mama mzee aliyeahidiwa safari hiyo pengine hatapata nyingine. Mpango ukiwa mbaya, fedha zitakwisha vilevile, ila watu watarudi nyumbani wakizikumbuka ngazi za stesheni na ugomvi wa njiani tu. Hasara hiyo yaweza kuzuiwa, na kazi ya kuizuia hufanyika mezani, kwa kalamu na ramani, miezi mingi kabla ya kuondoka.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tuchukue mfano mmoja. Wako baba na mama, watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mmoja wa miaka 4, na bibi yao mwenye miaka 70. Wanakaa Afrika ya Mashariki, nao wana siku 16. Wanataka kuona Paris, vijiji vya mizabibu katika jimbo la Alsace, milima na maziwa ya Uswisi, na mji wa Venice. Katika orodha yao ya kwanza waliandika pia Amsterdam, Brussels, Munich, Florence na Roma. Hii ni miji tisa kwa siku 16.

Kuhesabu siku

Kosa la kwanza la wasafiri wengi ni kuhesabu miji badala ya kuhesabu siku. Kila kuhama hula nusu ya siku au zaidi. Asubuhi mizigo hufungwa. Chumba cha hoteli hurudishwa kabla ya adhuhuri. Watu hufika stesheni mapema kwa sababu ya watoto. Safari yenyewe hufanyika. Kisha hutafutwa nyumba ya kulala, na mara nyingi chumba hakitolewi kabla ya saa tisa alasiri. Kwa hiyo safari ya saa mbili kwa reli ni kazi ya muda wa saa sita.

Basi tufanye hesabu. Miji tisa ni kuhama mara nane, nako ni kupoteza siku nne. Ondoeni tena siku ya kufika na siku ya kuondoka. Zabaki siku kumi kwa miji tisa, na bibi wa miaka 70 atakuwa amefungua na kufunga sanduku lake kila baada ya siku mbili. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika tisa?

Watu wetu wakikubali kupunguza, wafanye hivi: Paris siku nne za kulala, Colmar katika Alsace nne, Lucerne katika Uswisi tatu, Venice tatu, na Milano usiku mmoja wa mwisho. Jumla ni siku 15 za kulala, na kuhama ni mara nne tu. Amsterdam na Roma hazitakimbia.

Jambo jingine ni tikiti ya ndege. Si lazima kurudi kwa mlango ule ule mlioingilia. Yawezekana kununua tikiti moja ya kufikia Paris na kuondokea Milano, na mara nyingi bei yake haipiti sana ile ya kwenda na kurudi mji mmoja. Mtu anayerudi Paris kutoka Venice kwa ajili ya ndege tu ametupa siku nzima, tena amelipa nauli ya kuitupa.

Wapi reli, wapi motakaa?

Sheria nyepesi ya kukumbuka ni hii: kutoka mji mkubwa hata mji mkubwa, pandeni reli, katika mashamba na vijiji, chukueni motakaa, na ndani ya mji mkubwa msiwe na motakaa kabisa.

Tazameni sababu zake. Kutoka Paris hata Strasbourg ni karibu kilomita 500 kwa barabara, nazo zataka muda wa saa tano bila kupumzika. Gari la moshi la Wafaransa liitwalo TGV, ambalo kwa kweli halina moshi kwa kuwa huendeshwa kwa umeme, hukimbia katika njia hiyo mpaka kilomita 320 kwa saa, na hufika kwa muda usiotimia saa mbili. Tena stesheni iko katikati ya mji, na njiani watoto waweza kusimama, kula na kwenda chooni bila kumsumbua dereva.

Motakaa mjini ni mzigo. Mahali pa kuiweka ni haba na huuzwa ghali. Katika miji mingi ya Italia yapo maeneo yaliyofungwa kwa motakaa za wageni, yenye alama ya herufi ZTL. Kamera hupiga picha namba ya gari, na faini humfuata mgeni mpaka kwao miezi mingi baadaye kwa mkono wa kampuni iliyomkodishia. Kule Venice hali ni wazi zaidi. Daraja la reli lilifunguliwa mwaka 1846 na la barabara mwaka 1933, lakini motakaa huishia uwanja wa Piazzale Roma; mbele ya hapo ni miguu na mashua tu. Mwenye kwenda Venice kwa motakaa hulipa kodi ya gari na kodi ya banda la kulilaza, naye anatembea kwa miguu.

Lakini katika vijiji vya Alsace reli haitoshi. Riquewihr na Kaysersberg havina stesheni, na ngome ya Haut-Koenigsbourg iko juu ya mlima. Hapo motakaa ya siku tatu huleta faida: mnaondoka mtakapo, mnasimama bibi akichoka, na kikapu cha chakula kiko nyuma. Kaysersberg yafaa kuonwa na watu wa Afrika kwa sababu yake yenyewe, kwa maana ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari aliyejenga hospitali Lambaréné katika Gabon.

Njia yenyewe

Paris ina stesheni kuu kadhaa, na kila moja ina upande wake wa nchi. Magari ya kwenda London huondoka Gare du Nord. Ya kwenda Lyon huondoka Gare de Lyon. Ya Strasbourg na Colmar huondoka Gare de l'Est. Mtu asiseme tu, "Tunakwenda stesheni." Mpaka Colmar ni muda wa saa mbili na nusu hivi, na yapo magari yasiyobadilishwa njiani.

Siku ya kwanza ya Colmar ni ya miguu. Huko lipo jumba la makumbusho la Unterlinden, na ndiko alikozaliwa Bartholdi, fundi aliyechonga sanamu kubwa ya Uhuru iliyoko New York. Motakaa ikodishwe kesho yake kwa siku tatu, na siku moja katika hizo wavuke mto Rhine waone Freiburg katika Ujerumani, umbali wa kilomita 50 hivi. Kisha motakaa irudishwe Colmar ilipochukuliwa.

Kwa nini isiendelee nayo mpaka Italia? Kwa sababu mbili. Kampuni za kukodisha hutoza ada kubwa gari likichukuliwa katika nchi moja na kuachwa katika nchi nyingine. Pengine ada hiyo hupita kodi yenyewe. Tena Uswisi hutaka kibandiko cha kupita barabara zake kuu, nacho ni faranga 40 kwa mwaka, hata kama mtu atapita kwa siku moja tu.

Kutoka Colmar hata Basel ni muda wa saa moja kasorobo kwa reli, na kutoka Basel hata Lucerne ni kama saa moja. Huko Lucerne meli za ziwani zafika Vitznau, na hapo huanza reli ya meno ya kupanda mlima Rigi, iliyofunguliwa mwaka 1871, ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya. Bibi ataona vilele vya theluji akiwa ameketi, wala hatapanda hatua nyingi.

Kutoka Lucerne kwenda Milano reli hupita chini ya milima ya Alps katika handaki la Gotthard lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa kilomita 57. Safari hiyo ni zaidi kidogo ya saa tatu. Kutoka Milano hata Venice ni saa mbili na nusu hivi. Angalieni hapa: kabla ya kufika Venice gari husimama Mestre, mji wa bara. Msishuke. Stesheni ya kisiwani huitwa Santa Lucia, nayo ndiyo ya mwisho.

Usiku wa mwisho ulale Milano, usilale Venice. Mtu asiweke safari ndefu ya reli asubuhi ya siku ya ndege. Reli yaweza kuchelewa, na katika Italia wafanyakazi wa reli hugoma mara kwa mara, ingawa mgomo hutangazwa mapema na msafiri mwangalifu huweza kuusoma katika matangazo ya reli.

Majina na saa

Miji ya Ulaya ina majina mengi. Venice katika ubao wa stesheni ni Venezia. Florence ni Firenze. Munich ni München. Na Basel, mtu akiwa Ufaransa, ataiona imeandikwa Bâle. Andikeni majina yote mawili katika karatasi ya safari.

Saa nazo zaweza kumpoteza Mswahili. Ratiba za Ulaya huhesabu tangu usiku wa manane mpaka 24. Ratiba ikisema 08.12, ni saa mbili na dakika 12 asubuhi kwa hesabu yetu, 14.30 ni saa nane na nusu mchana, 19.05 ni saa moja na dakika tano za usiku. Tena wakati wa kiangazi, tangu Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nchi hizi ziko nyuma ya Afrika ya Mashariki kwa saa moja. Wakati wa baridi, kwa saa mbili. Gari la moshi huko halimngoji mtu, na katika stesheni ndogo husimama kwa dakika mbili au tatu. Kwa hiyo kila mmoja abebe mzigo anaoweza kuupandisha mwenyewe, na baba asipewe masanduku matano.

Tikiti za reli

Ziko namna mbili za tikiti, na kila moja yataka akili yake. Magari ya mbio ya Ufaransa na Italia huuzwa kwa bei inayopanda kadiri viti vinavyopungua, na kila abiria ana kiti chenye namba. Tikiti hizo zinunuliwe miezi kadhaa mbele. Lakini zile za rahisi kabisa mara nyingi hazibadilishwi wala fedha hazirudishwi. Kinyume chake, magari ya karibu, kama yale ya Colmar hata Basel na ya Basel hata Lucerne, yana bei ya kawaida isiyopanda, wala hayahitaji kiti cha namba. Hizo nunueni siku ile ile, mbaki huru.

Iko pia tikiti ya jumla iitwayo Eurail, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 kwa wasiokaa Ulaya. Mtoto wa miaka 4 mpaka 11 hupata yake bila malipo, watoto wawili kwa kila mtu mzima. Lakini magari ya mbio hutaka ada ya kiti juu yake, na kwa watu wanaohama mara nne tu huenda tikiti za moja moja zikawa rahisi zaidi. Hesabuni namna zote mbili kabla ya kulipa. Katika Uswisi mtoto aliye chini ya miaka 6 halipi nauli akiwa na mkubwa, na wazazi wenye tikiti ya wageni iitwayo Swiss Travel Pass huweza kupewa bure kadi ya kuchukua watoto wao wa miaka 6 mpaka 15.

Ikiwezekana, safari yenye kubadilisha gari inunuliwe kwa tikiti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Gari la kwanza likichelewa na la pili likawapita, mwenye tikiti moja ana haki ya kufikishwa. Mwenye tikiti mbili zilizotengwa aweza kuambiwa anunue nyingine. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, kuchelewa saa moja huweza kurudisha robo ya nauli, na kuchelewa saa mbili nusu yake, isipokuwa kwa mambo kama dhoruba kubwa. Basi itunzeni tikiti mpaka mfike nyumbani.

Kwa ajili ya bibi, ombeni msaada wa stesheni. Sheria hiyo hiyo yampa mtu asiyeweza kutembea vema haki ya kusaidiwa kupanda na kushuka bila malipo, mradi taarifa itolewe angalau saa 24 mbele.

Kuendesha motakaa

Jambo kubwa ni moja, na uhai wa watoto umo ndani yake. Sisi huendesha upande wa kushoto. Bara la Ulaya huendesha upande wa kulia. Hatari haiko barabarani wakati magari ni mengi, kwa kuwa mtu hufuata wenzake. Hatari iko asubuhi, dereva anapotoka mahali pa kupumzika na barabara ni tupu, mkono wake ukarudia desturi ya kwao. Anayeketi kando yake aseme kila mara kabla ya kuondoka: "Kulia." Katika mzunguko wa barabara magari huzunguka kinyume cha yale ya kwetu. Na katika njia za vijiji vya Ufaransa, pasipo alama, gari litokalo kulia ndilo lenye haki ya kupita kwanza, hata likitoka katika njia ndogo.

Dereva achukue hati ya kimataifa ya udereva kwao kabla ya kuondoka, kwa maana nchi ya ugenini haimpi. Awe pia na kadi ya benki yenye jina lake mwenyewe, kwa kuwa kampuni huzuia humo fedha za dhamana. Asome mkataba kama waruhusu kuvuka mpaka kuingia Ujerumani. Auangalie mwili wote wa gari na kuupiga picha kabla ya kulipokea. Tena ajue kwamba ofisi za miji midogo huweza kufungwa saa za chakula cha mchana na siku ya Jumapili.

Watoto wote wawili wa mfano wetu wataka viti vyao, kwa kuwa Ufaransa hulazimisha mpaka miaka 10, na Ujerumani mpaka miaka 12 au urefu wa sentimita 150. Viti viwili vya watoto vikiwa nyuma, nafasi ya katikati huwa nyembamba mno kwa bibi. Yeye akae mbele, na mama akae nyuma na watoto. Gari liitwalo la watu watano lichukue watu watano, lakini si masanduku matano. Kodisheni lililo kubwa zaidi. Katika pampu za Ufaransa, dizeli imeandikwa "gazole" na petroli "essence". Atakayekosea atalipa fundi.

Hati, na utaratibu wa kulipa

Nchi zote katika njia yetu zimo katika mapatano ya Schengen, yaliyotiwa sahihi mwaka 1985, ambayo mwaka 2025 yalifikia nchi 29. Viza moja yatosha kwa Ufaransa, Ujerumani, Uswisi na Italia. Uingereza haimo, atakayeongeza London atahitaji ruhusa nyingine.

Viza huombwa katika nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Hesabu yetu yasema Ufaransa siku nane za kulala, Italia nne, Uswisi tatu. Kwa hiyo maombi yapelekwe kwa Wafaransa. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwa watu wetu watano ni euro 315, na maombi yakikataliwa fedha hizo hazirudi. Hutakiwa pia bima ya ugonjwa isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa tangu miezi sita kabla ya safari, wala yasicheleweshwe mpaka zibaki siku 15.

Hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Huziona tikiti za rahisi, huzinunua, kisha viza hukataliwa au huchelewa. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu. Kwanza, patana juu ya miji na siku. Pili, wekeni hoteli ambazo huweza kufutwa bila hasara, na nafasi za ndege zilizo hivyo hivyo. Tatu, peleka maombi ya viza katika mwezi wa tano au wa sita kabla ya safari. Nne, viza ikishatolewa, nunueni tikiti za magari ya mbio, kwa kuwa wakati huo za rahisi bado zaweza kupatikana. Tano, kodisheni motakaa. Na mwisho, wekeni kando sehemu moja ya kumi ya fedha zote, isiguswe ila kwa jambo lisilotazamiwa. Kumbukeni pia kwamba Uswisi hutumia faranga, nchi nyingine tatu hutumia euro.

Mabibi na mabwana, mpango ukishaandikwa, msomeeni bibi naye. Mwulizeni kama ataweza kutembea saa mbili kila siku, na ni kipi katika orodha hii anachotaka kukiona kuliko vyote. Akisema ni theluji, basi siku ya Rigi iwekwe katikati ya siku za Lucerne, wala si ya mwisho, ili mawingu yakifunika mlima siku hiyo, pawe na kesho yake ya kupanda.

Nawatakia safari njema. Kwa herini.